Mradi Hukamilika Maji Yafikapo Bombani: Mafunzo ya Usimamizi kutoka Musoma, Bunda na Butiama

MKOA wa Mara umepakana na Ziwa Victoria, ziwa lenye eneo la takriban kilometa za mraba 68,800 na kubwa kuliko yote barani Afrika. Hata hivyo, kwa miaka mingi wananchi wa vijiji vilivyo umbali mfupi kutoka ufukweni, katika wilaya za Musoma, Bunda na Butiama, wameamka alfajiri kutafuta maji visimani na madimbwini. Maji yapo na yanaonekana kwa macho. Kilichokosekana kwa muda mrefu ni mitambo, mabomba na matangi ya kuyachukua ziwani na kuyafikisha kijijini, na vyote hivyo huletwa na mradi uliopangwa vizuri, ukasimamiwa vizuri na kukabidhiwa vizuri.

Kwa sababu hiyo, suala la usimamizi wa miradi, ambalo mara nyingi huonekana kuwa mada ya wataalamu katika kumbi za semina, ni suala la maisha ya kila siku kwa wakazi wa mkoa huo, ambao kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ni zaidi ya milioni 2.3. Mwezi mmoja wa ucheleweshaji katika jedwali la mhandisi ni mwezi mmoja zaidi wa mama kubeba ndoo kichwani na wa mtoto kuchelewa darasani. Miradi ya maji, afya na barabara iliyotekelezwa Mara katika miongo ya karibuni inatoa mafunzo ya wazi kuhusu misingi ya kazi hii.

Kupanga na kuchagua

Mradi hutofautiana na shughuli za kawaida za ofisi kwa mambo matatu. Una mwanzo na mwisho unaojulikana, una bajeti yake, na una matokeo mahususi yanayotarajiwa. Kuendesha mtambo wa maji kila siku ni shughuli ya mamlaka ya maji, lakini kuujenga mtambo huo ni mradi. Kila mradi hubanwa na pande tatu zinazotegemeana, yaani wigo wa kazi, muda na gharama. Upande mmoja ukiguswa, mingine miwili hutikisika. Anayeongeza vijiji katika mradi bila kuongeza fedha ameongeza muda, hata kama hakuandika hivyo popote.

Ukweli huu si mgeni Butiama. Mwaka 1969, alipowasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alitoa hotuba iliyopewa jina la "Kupanga ni Kuchagua". Jina hilo peke yake linabeba somo la kwanza la usimamizi wa miradi: fedha, wataalamu na muda havitoshi kufanya kila jambo kwa wakati mmoja, hivyo anayepanga hulazimika kuamua kitakachotangulia na kitakachosubiri. Mpango unaoorodhesha mahitaji yote bila kuyapanga kwa kipaumbele haujafanya uchaguzi huo, na mara nyingi huishia kuwa na miradi mingi iliyoanzishwa na michache iliyokamilika.

Mugango hadi Butiama: mipaka ya kazi

Mradi wa Maji wa Mugango–Kiabakari–Butiama ni mfano mzuri wa somo la pili, yaani kufahamu mipaka ya kazi. Mradi huo unachukua maji ya Ziwa Victoria katika eneo la Mugango, Wilaya ya Musoma, na kuyasukuma hadi Kiabakari na Butiama. Gharama yake imetajwa na Serikali kuwa Sh. bilioni 70.5, zikitolewa na Serikali ya Tanzania, Mfuko wa Maendeleo wa Saudia na Benki ya Kiarabu kwa ajili ya Maendeleo ya Kiuchumi ya Afrika (BADEA). Uwezo wake uliotangazwa ni kuzalisha lita milioni 35 kwa siku. Februari 2022, Rais Samia Suluhu Hassan aliuwekea jiwe la msingi.

Kiwango hicho cha uzalishaji kinastahili kutazamwa kwa hesabu. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kiwango cha chini cha huduma vijijini kuwa lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo cha kuchotea maji kisizidi meta 400 kutoka katika makazi, na kila kituo kihudumie watu 250. Kwa hesabu tupu, lita milioni 35 zikigawanywa kwa lita 25 zinatosha watu milioni 1.4. Hata baada ya kutoa maji yanayopotea njiani, mahitaji ya mifugo, shule na zahanati, pamoja na matumizi makubwa zaidi ya nyumba zilizounganishiwa maji, uzalishaji wa kiwango hicho hauwezi kuwa kikwazo cha kwanza kwa wananchi walio kando ya bomba hilo.

Kikwazo kinachoweza kubaki ni usambazaji. Kijiji chenye watu 3,000 kinahitaji vituo 12 vya kuchotea maji ili kufikia kiwango cha sera, na kila kituo kinahitaji bomba lake kutoka katika tangi. Bomba kuu linaweza kupita kando ya kijiji likiwa limejaa maji huku wanakijiji wakiendelea kwenda kisimani, endapo mitandao ya usambazaji haikuwekwa katika mkataba uleule au katika mkataba mwingine unaokwenda sambamba nao. Katika hali hiyo mkandarasi wa bomba kuu atakuwa amemaliza kazi yake kwa mujibu wa mkataba, na mhandisi atatia saini kwa haki kabisa, lakini mwananchi hatakuwa amepata kitu.

Ndiyo maana andiko la mradi hutakiwa kueleza bayana kilichomo na kisichokuwamo. Maneno kama "kuboresha huduma ya maji" hayatoshi. Andiko linalofaa hutaja vijiji kwa majina, idadi ya matangi na ujazo wake, urefu wa mabomba, idadi ya vituo, na taasisi itakayofanya sehemu ambayo mkandarasi mkuu hahusiki nayo. Katika sekta ya maji mgawanyo huo una msingi wa kisheria: Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019 iliunda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA), huku mamlaka za maji zikibaki na jukumu la miji. Mradi unaovuka mpaka kati ya mji na kijiji unahitaji makubaliano ya taasisi hizo kabla ya mtaro wa kwanza kuchimbwa.

Bunda: mpangilio wa hatua

Somo la tatu linatoka Bunda. Mradi wa kuyafikisha maji ya ziwa katika mji huo kutoka chanzo cha Nyabehu ulichukua zaidi ya muongo mmoja, na viongozi wa kitaifa walioutembelea walihoji hadharani sababu za kuchelewa. Ujenzi wa chujio, yaani mtambo wa kusafisha na kutibu maji, ulikuja kama hatua ya baadaye.

Funzo lililopo hapa ni la mpangilio. Kazi za mradi hazina uzito sawa katika ratiba. Nyingine zinaweza kufanyika kwa pamoja, kama vile kujenga tangi huku mabomba yakilazwa. Nyingine hufuatana kama shanga katika uzi, na moja ikikwama zote za nyuma yake hukwama. Msimamizi mzuri huutambua mapema mfululizo huo wa kazi zisizoruhusu kuchelewa, na ndio anaoufuatilia kila siku. Pampu inayoagizwa nje ya nchi na kuchukua miezi kadhaa kufika haipaswi kusubiri nyumba ya pampu ikamilike ndipo iagizwe.

Mazingira ya Mara nayo yana ratiba yake. Mvua za vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba, na za masika kati ya Machi na Mei. Kuchimba mitaro katika maeneo ya udongo mweusi wa mfinyanzi wakati wa masika ni kuchimba kazi moja mara mbili, kwa kuwa kingo hubomoka na magari ya vifaa hukwama. Mkataba unaosainiwa wakati ambao maandalizi yake yatamfikisha mkandarasi kazini mvua zinapoanza umekwisha kupoteza miezi kadhaa kabla ya kuanza.

Tatizo la kuanza ujenzi kabla ya maandalizi kukamilika halizihusu nchi zinazoendelea pekee. Ukumbi wa opera wa Sydney, nchini Australia, ulianza kujengwa mwaka 1959 wakati michoro ya paa lake haijakamilika. Makadirio ya awali yalikuwa dola za Australia milioni 7, na ulitarajiwa kufunguliwa mwaka 1963. Ulifunguliwa mwaka 1973 kwa gharama ya dola milioni 102. Sehemu ya nguzo zilizokwisha kujengwa ililazimika kubomolewa na kujengwa upya kwa sababu hazikuweza kubeba paa lililobuniwa baadaye. Taifa tajiri liliweza kuubeba mzigo huo. Halmashauri yenye bajeti finyu haiwezi.

Kwangwa: gharama ya kusimama

Mjini Musoma, Hospitali ya Rufaa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, inayojulikana na wengi kwa jina la Kwangwa, inatoa somo la nne. Ujenzi wake ulianza zaidi ya miaka 40 iliyopita, ukasimama, na jengo likabaki kiunzi kwa miongo kadhaa. Kazi ilifufuliwa na Serikali ya Awamu ya Tano na kuendelezwa na Awamu ya Sita, ambapo huduma zilianza kutolewa kwa awamu, sehemu moja ya jengo baada ya nyingine.

Mradi uliosimama huonekana kama mradi usiotumia fedha, na hapo ndipo lilipo kosa la hesabu. Nondo zilizo wazi hushika kutu, zege lisiloezekwa hunyeshewa na kupigwa jua, na bei za saruji na mabati hupanda. Michoro ya miaka ya nyuma hupitwa na mahitaji ya tiba ya sasa, na wataalamu walioijua kazi huhamishwa au hustaafu. Wanaporudi wengine baada ya miaka mingi, hulazimika kupima upya uimara wa kilichopo na kusanifu upya kabla ya kuongeza tofali moja. Zaidi ya hayo, kwa muda wote huo mgonjwa aliyehitaji huduma ya kibingwa amelazimika kuifuata mbali na mkoa wake, na gharama hiyo haiandikwi katika kitabu chochote cha mradi.

Uamuzi wa kuanza kutoa huduma katika sehemu iliyokamilika, bila kusubiri jengo zima, unafundisha jambo jingine. Mradi mkubwa unapogawanywa katika awamu, kila awamu ikiwa na uwezo wa kutoa huduma yenyewe, hatari hupungua. Fedha zikichelewa katikati, wananchi wanabaki na kitu kinachofanya kazi. Mradi usiogawanywa hivyo huwa na mambo mawili tu: ama umekamilika wote, ama haufai kitu.

Makutano–Sanzate: mkataba na malipo

Barabara ya Makutano hadi Sanzate yenye urefu wa kilometa 50, ambayo ni sehemu ya barabara inayoelekea Natta na Mugumu, ilikabidhiwa kwa muungano wa makandarasi wazawa kwa lengo la kuwajengea uwezo. Lengo lilikuwa jema na lingali hivyo. Kazi, hata hivyo, ilichukua muda mrefu zaidi kuliko ule wa awali wa mkataba.

Somo la tano ni kwamba kumpa mkandarasi mzawa kazi ni nusu ya kumwezesha, na nusu ya pili ni kumsimamia na kumlipa kwa wakati. Utaratibu wa malipo ni mnyororo wenye pete nyingi. Mkandarasi hupima kazi aliyofanya na kuwasilisha hati ya madai, mhandisi mshauri huikagua na kuithibitisha, mwajiri huiidhinisha, na Hazina hutoa fedha. Hati ikikaa mezani wiki sita katika pete mojawapo, mkandarasi mwenye mtaji mdogo hukosa mafuta ya mitambo, vibarua huondoka, na kasi hushuka. Baadaye huomba nyongeza ya muda, na mara nyingine hudai riba kwa malipo yaliyochelewa. Ripoti za Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali zimekuwa zikiitaja riba ya aina hiyo mara kwa mara kuwa ni hasara inayoweza kuepukwa.

Jambo hili lina uzito mkubwa zaidi sasa. Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka 2023 imepanua upendeleo kwa kampuni za ndani, na miradi ya ujenzi yenye thamani isiyozidi Sh. bilioni 50 imetengwa kwa ajili yao. Aidha, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023, umeziweka zabuni wazi zaidi. Mfumo humsaidia mnunuzi kumpata mzabuni kwa haki, lakini hauwezi kukagua zege wala kuharakisha saini iliyolala mezani. Kazi hiyo inabaki kwa binadamu. Kwa hiyo kila mradi unahitaji mtu mmoja anayejulikana kwa cheo kuwa ndiye anayewajibika, mwenye mamlaka ya kuuliza hati iko kwa nani na kwa siku ngapi.

Wananchi na maboma

Miradi mingi Mara haigharimu mabilioni. Katika vijiji vya Musoma, Bunda na Butiama, wananchi wamechangia mawe, mchanga, maji na nguvu zao kujenga madarasa, nyumba za walimu na zahanati hadi usawa wa lenta, wakitarajia halmashauri au Serikali Kuu imalizie. Majengo hayo, yanayojulikana kwa jina la maboma, ni ushahidi wa moyo wa kujitolea. Lakini boma lililokaa miaka bila paa hugeuka kuwa sababu ya wananchi kusitasita mchango mwingine unapoitishwa.

Misingi ileile ya miradi mikubwa inahusu pia boma la vyumba viwili. Kabla ya kuchimba msingi, kamati inapaswa kuwa na makadirio ya gharama hadi jengo litakapoanza kutumika, yaani paa, sakafu, madirisha, madawati na vyoo, pamoja na barua ya halmashauri inayoonesha mwaka wa bajeti ambao umaliziaji utaingizwa. Kama fedha zinatosha vyumba viwili, ni busara kujenga viwili na kuvimaliza kuliko kuanza vinne. Daftari la mapokezi ya vifaa linapaswa kutiwa saini na watu wasiopungua wawili kila mfuko wa saruji unapoingia na kutoka. Taarifa ya mapato na matumizi nayo isomwe katika Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao ndio chombo chenye mamlaka ya juu kijijini. Mwananchi aliyeona hesabu za mchango wake wa kwanza haoni taabu kutoa wa pili.

Ushirikishwaji huo una faida nyingine ya kitaalamu. Wenyeji wanajua bonde linalofurika kila masika, njia ya mifugo na eneo lenye mgogoro wa mipaka. Taarifa hizo zikikusanywa wakati wa usanifu huwa ni ushauri, lakini zikisubiri mkandarasi afike kazini hugeuka kuwa kesi na madai ya fidia. Kulipa fidia na kumaliza migogoro ya ardhi kabla ya ujenzi ni miongoni mwa hatua nafuu zaidi za kulinda ratiba ya mradi.

Baada ya utepe kukatwa

Somo la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi. Kukabidhiwa kwa mradi si mwisho wa wajibu. Mikataba ya ujenzi huweka kipindi cha matazamio, ambapo mkandarasi hurekebisha kasoro zinazojitokeza kwa gharama zake, huku sehemu ya malipo yake ikishikiliwa kama dhamana. Mamlaka isiyokagua kazi kwa makini kabla ya kipindi hicho kwisha hujikuta ikirekebisha kwa fedha za umma makosa ambayo mtu mwingine angewajibika kuyarekebisha.

Kisha huja uendeshaji. Pampu zinazopandisha maji kutoka Mugango hadi Kiabakari zinakula umeme kila saa. Ankara ya umeme, dawa za kutibu maji, vipuri na mishahara ya mafundi lazima vilipwe kutokana na mauzo ya maji, na mauzo hutegemea dira zinazosoma kwa usahihi, mabomba yasiyovuja na wateja wanaolipa. Mradi ambao andiko lake halikuonesha nani atalipa gharama hizo unaweza kuzinduliwa kwa shangwe na kunyamaza baada ya miaka mitatu. Kwa upande wa vijijini, jukumu hilo lipo mikononi mwa vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, ambavyo vinahitaji mafunzo ya hesabu na ufundi kabla ya mradi kukabidhiwa.

Mafunzo haya yanaweza kufupishwa katika maswali machache ambayo kila kiongozi anayetembelea mradi, na kila diwani anayepitisha bajeti, anastahili kuyauliza. Ni vijiji gani vitakavyohudumiwa, na ni sehemu gani ya kazi haimo katika mkataba huu? Ni kazi gani ikichelewa itachelewesha zote? Hati ya mwisho ya malipo iliwasilishwa lini, na sasa iko kwa nani? Fedha zikisimama leo, ni sehemu gani itakayoweza kutumika? Nani atalipa umeme na vipuri mradi ukianza kazi? Taarifa ya asilimia za utekelezaji, hata ikiwa sahihi, haijibu maswali hayo. Mradi unaweza kufikia asilimia 90 kwa kupima mabomba yaliyolazwa, huku asilimia 10 iliyobaki ikiwa ndiyo inayobeba maji yenyewe.

Wakazi wa Musoma, Bunda na Butiama wamesubiri kwa subira miradi ambayo sasa inaanza kuzaa matunda. Kuilinda miradi hiyo, na kuhakikisha inayofuata haichukui muda kama iliyotangulia, ni wajibu wa watendaji wa Serikali, wakandarasi, madiwani na wananchi wenyewe. Kipimo cha mafanikio yao kitabaki kuwa kilekile kwa mhandisi na kwa mama wa kijijini: bomba likifunguliwa, maji yatoke, leo na mwaka kesho.